Siwezi Kutubia Muwasho

Mwangaluka, ndugu zangu. Na ninyi mliotoka pwani, salaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeambiwa niseme kwa ufupi na kwa adabu, kwa kuwa kina mama wapo. Adabu ninayo. Ufupi sikuahidi. Na kina mama nawaomba msiondoke mkekani, maana katika habari hii aliyetukanwa zaidi ni mwanamke.

Mnanijua. Nimetoka Ibadakuli, kwa watu wa ng'ombe na pamba, nikaja huku Nyarugusu kuchimba dhahabu kama wengi wenu. Mke wangu akanifuata na mtoto mgongoni. Nikajiunga na chama chetu hiki cha kuzikana, kwa sababu aliye mbali na kwao anahitaji watu wa kumfukia. Sikuwa na ugomvi na mtu.

Masika ile shimo letu lilijaa maji. Tulichota, yakarudi, tukafanya kazi tumesimama ndani yake hadi mapajani. Kaptula niliivaa mbichi asubuhi na kuivua mbichi jioni. Ndipo muwasho ukaanza. Nitasema ulianzia wapi, na mwenye kucheka acheke: ulianzia kwenye uume wangu, kichwani, chini ya govi. Palikuwa pekundu, na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ukiufuta, kesho umerudi. Kisha ngozi ikachanika vichaniko vidogo, na mkojo ukipita hapo unachoma.

Nilifanya kama mnavyofanya ninyi. Nilinyamaza. Nikajisugua kwa sabuni ya kufulia, ile ya mche, mara kwa mara. Ikazidi. Mtu mmoja akaniambia dawa ya kidonda ni mrututu, yale mawe ya buluu yanayounguza, nikanunua dukani, nikasaga, nikapaka. Ndugu zangu, nawaambia, nilitoka nje ya kibanda nikatembea kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Ngozi ilibabuka.

Mwenzangu wa shimoni akaona ninavyotembea. Akaniona na mtoni nikioga peke yangu, nimegeuza mgongo. Basi habari ikazunguka kambi nzima kwamba nina kisonono. Wengine wakasema kaswende. Wale niliokula nao sinia moja wakaanza kunipakulia changu pembeni, kwenye kipande cha kibuyu. Na kwa kuwa hakuna aliyeniona kwa wanawake wa vilabuni, wakageukia nyumbani kwangu. Wakasema basi ni mke, amemletea mumewe.

Mzee wetu wa chama akaniita. Yupo hapa, ananisikia, sitamtaja. Alikuwa na wenzake. Wakanieleza kwa upole kwamba chama hakiwezi kuzika mtu aliyekufa kwa uchafu. Nisimame mbele ya watu, nitubu, nimtaje mwanamke aliyenipa, na kama ni mke wangu nimrudishe kwao. Nisipofanya hivyo, nitolewe.

Nikawaambia sina mwanamke wa kumtaja na mke wangu hana kosa. Mzee akasema, "Ugonjwa huo hauji wenyewe."

Nikajibu, "Basi nitolewe."

Nikatolewa. Nilirudi kibandani na hasira, na hofu pia, siwafichi. Mke wangu alikuwa anapepeta mtama. Maneno yalikuwa yamemfikia zamani, kisimani, kwa wanawake wenzake. Akaweka ungo chini.

"Baba Shija," akasema, "nitakuuliza mara moja tu. Umekwenda kwa mwanamke mwingine?"

Nikasema sijakwenda.

"Na mimi sijakwenda kwa mwanamume. Na mimi pia nawashwa. Kwa hiyo wamekosea. Asubuhi tunakwenda hospitali."

Hakulia. Ningependa mjue hilo, ninyi mliosema atakimbilia kwa baba yake. Alifunga viazi vikavu kwenye nguo, akambeba mtoto, akatangulia njiani. Mimi nilifuata nyuma nimetanua miguu, na njia ilikuwa ndefu, tukalala kwa watu wema ambao hata hawakuuliza tunaumwa nini.

Hospitali ile ni ya misheni. Mganga aliyetupokea ni Mwafrika kama sisi, aliyesomea kazi hiyo. Nilidhani atanitukana. Akaniambia nivue, akatazama kama fundi anavyotazama gurudumu. Akauliza tulivyofanya kazi, tulivyooga, nilivyopaka. Nilipotaja mrututu alifumba macho. Akachukua ule utando kwa kijiti, akaupaka kwenye kioo, akautazama kwa darubini yake. Kisha akachemsha mkojo wangu katika kichupa chenye dawa ya buluu. Nikauliza kwa nini. Akasema kuna watu wana ugonjwa wa sukari mwilini, wanakunywa maji bila kushiba na kukojoa kila saa, na hao muwasho huu huwarudia tena na tena. Dawa ikabaki buluu. Mimi sukari sikuwa nayo.

Halafu akasema maneno ambayo yalinisimamisha tena kama mtu. Alisema, "Hii si kisonono wala si kaswende. Ni kuvu. Inapenda mahali penye joto na maji."

Mke wangu akauliza kama ni kuvu ile ya ugali uliolala. Akasema ni jamaa yake. Akamuuliza kama amewahi kuona utando mweupe kinywani mwa mtoto anyonyaye. Mke wangu akasema ameuona, kwa Shija mwenyewe. "Ni hiyo hiyo," mganga akasema. "Mtoto yule alikwenda kwa mwanamke gani?"

Kina mama, naona mnatikisa vichwa. Ninyi mnaujua ugonjwa huu. Mmeulea mapajani.

Alitueleza kwamba mume na mke wanaweza kupeana, lakini pia humjia mtu asiyemgusa yeyote. Asiyetahiriwa hupata zaidi, kwa kuwa unyevu hujificha, ila aliyetahiriwa naye hupata. Dawa ilikuwa maji ya zambarau, ya kupaka, kwangu na kwake. Govi nivute nyuma, nioshe kwa maji matupu, nikaushe vizuri ndipo nirudishe. Sabuni kali niache, mrututu nisiuguse kabisa. Kaptula mbichi nivue nitokapo shimoni. Na tusilale pamoja mpaka wote tupone.

Tulirudi kambini, tukafanya hivyo. Muwasho ulitangulia kuondoka, kisha wekundu, kisha utando haukuonekana tena. Ila ile dawa, ndugu zangu, haitoki kwenye nguo. Kaptula yangu ilipata doa la zambarau mahali pale pale mnapopafikiria. Nikataka kuichoma moto. Mke wangu akaifua, akaianika kwenye kamba katikati ya kambi, mchana, mbele ya kila mtu. Akakaa chini yake akipepeta mtama wake. Waliocheka walicheka mbele ya uso wake.

Tangu hapo wakaanza kuja kwangu, mmoja mmoja, wanaulizia njia ya hospitali. Baadhi yenu mmeketi hapa, msiinamishe vichwa, siwataji. Wengine walikutwa na kuvu. Mmoja alikutwa na kisonono kweli, naye akaanzishiwa matibabu yake bila matusi. Kwa macho tu angejuaje? Na ninyi mlijuaje wangu ni ugonjwa gani?

Namshukuru yule mganga. Nawashukuru waliotulaza njiani. Namshukuru mama yake Shija, na kwake shukrani zangu haziishi. Ninachowapa ninyi ni hiki: mtu akiwashwa, apelekwe akatazamwe. Asifukuzwe, asipewe mrututu, na mke wake asiulizwe na kambi.

Sasa mmeniita nirudi chamani, mradi niseme neno dogo la toba, tusahau yaliyopita. Siwezi kutubia muwasho. Nitarudi siku mzee wetu atakaposimama na kumwambia mke wangu, mbele ya watu hawa hawa, kwamba alimsingizia. Mke wangu ndiye yule pale, mwisho wa mkeka, mwenye mtoto.

Mimi nimemaliza. Nakaa.