Transista ya Mzee Wiliam na Sifuri ya Limbu

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, walimu, majirani wa Kizwite na nyote mlioacha mahindi shambani mkaja kusimama kwenye upepo huu, familia imemtuma Bertilla, kitindamimba, awasomee safari ya Mwalimu Clemens Mwanisawa, na Shangazi Zita amemwonya asome kwa adabu, atajitahidi.

Mwalimu Clemens alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Mwimbi, mtoto wa tatu wa Mzee Wiliam na Mama Justa, wakulima wa mahindi na ulezi, katika nyumba yenye kitu kimoja kisichoguswa na mtoto, nacho ni redio ya betri nne kubwa ambayo kijiji kizima kiliiita transista, iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi kama kikombe cha misa.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Mwimbi kuanzia 1969 hadi 1975, akamaliza kidato cha sita mwaka 1982, akapitia JKT, kisha akahitimu stashahada ya ualimu wa fizikia na hisabati mwaka 1985. Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa na Mama Adela, aliyeketi hapa mbele yetu, Mungu akawajalia Christopha, Winifrida na Bertilla, ambaye ana digrii ya ualimu wa fizikia tangu 2018 na mpaka leo anakamua ng'ombe nyumbani, ilhali shule tatu za kata hapa jirani hazina mwalimu wa fizikia hata wa dawa, lakini leo si siku yake, tuendelee.

Alianza kazi Februari 1986 katika shule moja ya sekondari ya mkoani kwetu, akafundisha miaka thelathini na mitano, na kila mwaka watoto walivuka lenzi, wakavuka joto, wakafika elektroniki wakanasa kama lori kwenye tope la masika, si kwa ujinga, jamani, ila sanduku la vifaa lilikuwa stoo na kufuli likimsubiri mkaguzi, maabara iligeuzwa ghala la mahindi, na mtoto alitakiwa akielewe kwa Kiingereza kitu ambacho hajawahi kukiona kwa lugha yoyote, basi wakakariri kama litania ya watakatifu, transistor is a three-terminal device, utuombee.

Agosti 1998, kwenye mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, aliuliza transistor ni nini na ina kazi gani, swali la alama kumi, na Limbu, binti wa wafugaji wa Kaoze, akajibu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba transistor ni ya babu, inasikilizwa habari za vifo na bei ya mahindi, na inakula betri nne. Mwalimu alimpa sifuri ya wino mwekundu, na kosa lake kubwa ni kwamba aliisoma ile karatasi mbele ya darasa, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku hiyo Limbu akaitwa Babu Transista hadi alipoondoka shuleni bila cheti.

Wiki chache baadaye Mwalimu alikuwa akipangusa vumbi redio aliyorithi kwa Mzee Wiliam, akaona usoni pake maneno aliyoyatazama tangu utotoni bila kuyasoma, three band transistor, akakaa kitako sakafuni, kwa maana mtoto alisoma kilichoandikwa kwenye redio ya babu yake na yeye ndiye hakuwa ameonyesha kingine. Jumatatu yake aliibeba redio hadi darasani, akaifungua kwa bisibisi, akawaonyesha transista yenyewe, ndogo kama punje ya mahindi, ina miguu mitatu, akawaeleza kwa Kiswahili, na kwa hilo mkaguzi akamwandikia barua ya onyo, na ukoo ukamtoza mbuzi kwa kuipasua sauti ya baba yake, akalipa, akaendelea kuifungua kila mwaka hadi alipostaafu Machi 2021.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022, akalazwa mara nne mjini Sumbawanga, na Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024 alimtuma Bertilla amwite Limbu, ambaye siku hizi ni fundi wa redio na simu hapahapa Kizwite, akatoa chini ya mto ile karatasi ya mwaka 1998, sifuri imekatwa.

"Uliandika sahihi, mwanangu," alisema, "nilichelewa kusahihisha."

"Basi nipe kumi zangu, Mwalimu."

Aliomba kalamu, akafikiri sana kwa mtu mwenye pumzi chache, akaandika tano, kwa sababu, alisema, hukutaja miguu mitatu.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi. Ukoo ulitaka redio izikwe naye, lakini aliagiza aachiwe Limbu, naye Limbu amekubali kuifungua mbele ya kidato cha nne kila mwaka, Bertilla akiwa pembeni yake, ajira ije isije.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, na walimu wenzake, ambao tunawaomba jambo moja dogo, fungueni lile sanduku. Mwalimu, pumzika kwa amani, karatasi zilizobaki tutazisahihisha sisi.