Mtafiti Aliyebaki na Matumbawe

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtafiti wa matumbawe aliyetutoka wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka thelathini na mbili. Matumbawe ukiyaona utadhani mawe. Ni viumbe hai, na samaki wengi hukulia humo.

Chuoni walimwita Jiwe. Siku ya kwanza kwenye bwawa la kuogelea alizama moja kwa moja. Mwalimu akamvuta nje: "Binti, umekuja kuogelea au kupima kina?" Jiwe alicheka huku akikohoa maji. Kesho yake akarudi. Akarudi kila siku, miezi minne.

Alipohitimu alijiunga na watafiti wengine wanne kwenye mradi wa kuchunguza matumbawe. Mwaka wa pili bahari ilipata joto kupita kiasi. Matumbawe yakawa meupe, yakafa. Mradi ukafungwa, wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Jiwe akabaki. Alifundisha sekondari siku za wiki, na kila Jumamosi akazamia kupima eneo lilelile. Miaka sita, wasikilizaji. Miaka sita.

Mama yake anasema: "Nilimwambia, mwanangu, wenzako wana watoto, wewe una mawe yaliyokufa. Akanijibu, 'Mama, mgonjwa haachwi peke yake.'"

Chumbani kwake palikuwa na kiti kimoja. Dada yake alipomtembelea alikalia ndoo.

Mwaka jana, Jumamosi moja, Jiwe aliona matumbawe machanga, madogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kumi na moja. Alipanda botini, akamwambia mwendesha boti. Yule bwana akasema, "Hongera, mwalimu," akawasha injini. Jiwe akampigia dada yake.

"Nilikuwa na wageni," anasema dada. "Nikamwambia, mdogo wangu, nitakupigia. Sikupiga. Naye hakulitaja tena."

Homa ya mapafu ilimchukua ndani ya siku tano. Dada yake, akifungasha vitu, akafungua daftari la Jumamosi ile. Humo Jiwe aliandika: "Yameota kumi na moja. Nimefurahi mpaka nimelia. Sijui nimwambie nani."

Kwa mama, kwa dada na kwa wanafunzi wake: poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Watafiti wawili wamechukua madaftari yake, na Jumamosi hii wanazamia.

Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu uliyemwambia "nitakupigia", punguza sauti ya redio. Mpigie sasa. Sisi tutakusubiri.