Mama wa Chini ya Meza

Hebu mwoneni akiingia sokoni: mfupi, mkoba begani, anapita meza baada ya meza akisalimia kana kwamba anadai salamu zake. Ndiye tunayemsindikiza leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na mshona nguo. Baada ya shule alijiunga na chuo cha wakunga, akahitimu mwaka 1973. Walimu wake walilalamika kwamba anapiga soga mno na wagonjwa. Ugonjwa huo hakupona.

Akiwa mkunga wa zahanati, aligundua kwamba wauza mboga wajawazito hawaji kupimwa. Wangekujaje? Kufunga meza asubuhi ni watoto kulala njaa. Basi akawafuata. Siku ya kwanza alivaa sare, wakadhani ni mkaguzi wa soko, wakatimua mbio. Mmoja, mimba imeshakuwa kubwa, mbio hazikumfaa. Akajibanza chini ya meza ya nyanya. Marehemu akapiga magoti, akachungulia.

"Nisogezee nafasi, mwanangu," akamwambia. "Nikupimie hapohapo ulipo."

Presha ilikuwa juu mno. Akamfikisha hospitali yeye mwenyewe, na mama na mtoto wakapona. Tangu hapo sare ilibaki nyumbani, na kila Alhamisi yeye akawa sokoni.

Mwaka 1976 aliolewa na fundi seremala, aliyemtengenezea kitanda cha kukunja, chenye pazia, cha kupimia akina mama kati ya meza za sokoni. Fundi alikijaribu mwenyewe, usingizi ukampitia. Hadi uzeeni mkewe alimtania kwamba ndiye mjamzito pekee aliyewahi kumkoromea.

Kazini alistaafu, Alhamisi hakustaafu. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alipolazwa Mei 2024, alimuuliza binti yake, "Sokoni kaenda nani?" Binti akamrekebishia mto. Hakuna aliyekwenda. Marehemu alifariki tarehe 2 Juni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, binti mmoja, wana wawili, wakwe, wajukuu, na akina mama wa sokoni ambao nao wanajihesabu wafiwa. Apumzike salama, miguu ile imetembea vya kutosha.

Kitanda chake tumekiegemeza ukutani sebuleni, kimekunjwa, bado imara. Alhamisi ijayo, nani atakuja kukichukua?