Fermina Calmo, Aliyesema Tangu Siku ya Kwanza

Ndugu, majirani na wageni, mimi ni Desiderio, mdogo wake marehemu, familia imeniagiza nisome haya kwa utulivu, utulivu wenyewe sijaupata, lakini nitasoma, na nitasoma kwa Kimam, lugha ya Wamaya wa milimani kwetu, aliyozaliwa nayo.

Dada yetu Fermina Calmo Matías alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Todos Santos, katika milima ya Huehuetenango, Guatemala. Alianza shule mwaka 1981, akaiacha mwaka uliofuata wanajeshi walipoingia kijijini, hivyo Kihispania alichokijua kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Alichuma kahawa pwani, akafunga ndoa na Santos Jerónimo tarehe 5 Mei 1996, wakahamia hapa Oakland, Marekani, mwaka 1999, akawa dobi hotelini hadi alipougua, na wakajaliwa mtoto mmoja, Odilia, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 2003. Shemeji Santos alitutoka mwaka 2007.

Hapa mnivumilie. Tarehe 9 Oktoba 2008 Fermina aliitwa shuleni kwenye kikao cha kumpangia Odilia elimu maalumu, akaamka alfajiri kupika tamali, zile donge za unga wa mahindi zinazofungwa kwenye maganda, za kuwapelekea, akavaa blauzi yake nyekundu ya sikukuu, akakuta ameandaliwa mkalimani, wa Kihispania, kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuuliza mwanamke huyu anaongea nini nyumbani kwake. Akawaambia kwa Kimam, "Mwanangu hasikii, nikiangusha sufuria nyuma yake hageuki," mkalimani akaona aibu kukiri kwamba hajaelewa, akasema, "Mama anashukuru." Walipoongea wao, Fermina aliitikia kwa kichwa, kama tunavyofanya sote mbele ya mwalimu, maana kwetu kumwambia mtu wa heshima kwamba hujamwelewa ni kumvunjia adabu, nao wakala tamali, wakaandika kwamba mzazi amekubali, mtoto ana akili nzito.

Odilia akawekwa chumba cha mwisho, akipaka picha rangi. Shuleni hapohapo, mwaka uleule, mtoto mwingine mwenye masikio kama yake alipewa vifaa vya kusikilizia na mwalimu wa lugha ya ishara, kwa sababu baba yake alijua Kiingereza na aligonga meza. Kila mwaka Fermina alirudi na sentensi yake ileile, na kila mwaka alitafsiriwa kuwa anashukuru.

Mwaka 2014 nilihamia hapa kutoka Alabama na Kiingereza changu cha kiwandani, tarehe 21 Oktoba nikaenda naye, nikawatafsiria sentensi hiyo. Mwenyekiti wa kikao akashika kifua, "Jamani, mbona mama hakutuambia mapema?" Nikamwambia, "Aliwaambia, bibie, kila mwaka, na tamali zake mlikula."

Odilia alipimwa, akaanza kufundishwa ishara akiwa na miaka kumi na moja, na mama yake akajifunza pamoja naye mezani baada ya kazi. Siku moja mwaka 2016 binti alimuuliza kwa mikono, "Baba alikuwa mtu gani?" Fermina akaja kwangu analia, akasema, "Desi, hilo ni swali la mtoto wa miaka mitano, wangu kaliuliza ana kumi na tatu." Nina hasira, sitaificha mbele ya jeneza lake.

Februari 2023 aligundulika ana saratani ya tumbo, na daktari, kabla ya lolote, aliuliza anaongea lugha gani, akatafutiwa mtu wa Kimam kwenye simu palepale, kumbe inawezekana. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Novemba 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Odilia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na madobi wenzake waliokuja na sare zao za kazi. Wageni wetu wawili kutoka ofisi ya elimu, msijione wapweke, huyo mama aliyekaa kati yenu ni mkalimani wenu, wa Kihispania, lugha ambayo hamuijui, na tangu nianze kusoma nawaona mnaitikia kwa kichwa kwa adabu, basi nasi tumeandika kwamba mmekubali yote niliyosema.

Fermina, dada yangu, umesema ya kutosha, pumzika sasa kwa amani, ya kukuaga atayasema Odilia kwa mikono yake.