Mshono Uliojirudia Mara Hamsini na Mbili

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao nje ya duka la uchapaji, na asubuhi ile mwisho wake wa kushoto ulikuwa mtupu. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Mzee Funguo. Alichonga funguo za mtaa mzima kwa miaka kumi na moja, na kesho yake tulikuwa tunamzika. Hakuacha picha, isipokuwa ile ya kitambulisho iliyofifia mpaka haina uso. Binti yake, aliyefika juzi kutoka mbali, alileta shati ambalo baba yake hakuachana nalo, jeupe lenye majani ya kijani, akamwambia mchoraji wa duka afanye anavyojua. Mchoraji huyo, sisi tunamwita Pikseli, akachora umbo la mtu aliyeketi, akalijaza majani yale liwe jalada la kijitabu cha mazishi. Saa sita kiingie mashinini. Sisi tulikuwa na chupa moja ya kahawa na maneno mengi kuliko akili, mimi nikiwemo.

Pikseli akatoka na karatasi ya majaribio, akamwekea Wakili magotini. Wakili hajawahi kuingia mahakamani, ila kwa kubisha hana mpinzani.

— Mbona ana mistari myeusi mwili mzima?

— Hicho ndicho kilichonitoa ndani, akasema Pikseli. — Shati zima sikulipiga picha. Nilichukua kipande kama kiganja, hapa ubavuni. Programu inakirudia kulia, kushoto, juu, chini, mpaka umbo lijae. Kumbe pale palichanika, pakashonwa. Mshono nao umerudiwa.

— Mara ngapi?

— Hamsini na mbili. Nimehesabu.

Dereva, ambaye alistaafu usukani lakini hajastaafu kelele, akashusha kikombe.

— Hamsini na mbili! Si wiki za mwaka hizo? Mzee alikuwa anahesabu kitu.

— Ahesabu nini, na aliyerudia ni kompyuta?

— Kompyuta inajua mengi, we acha tu.

— Hamjaona, akadakia Wakili. — Tazameni ulivyopinda. Unapanda, unashuka, unapanda. Meno ya ufunguo hayo! Mzee katuachia ufunguo.

— Wa mlango gani?

— Ndiyo tuutafute! Kuna mlango mtaa huu haujafunguliwa miaka na miaka...

— Ungeanza kufungwa huo mdomo wako, nikamwambia. — Mtu hata hajazikwa.

Hapo Fundi Sindano akavaa miwani. Cherehani yake iko hatua tatu kutoka benchi, na hujisifu kwamba hakuna pindo la mtaa huu asilolijua.

— Ufunguo gani? Huyu ni mtu asiyejua sindano. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheupe! Tena uzi wa kushonea viatu. Nani kamharibia mzee wetu shati namna hii? Huyo fundi nikimpata, atanieleza.

— Nibadilishe? akauliza Pikseli. — Mgongoni hakuna mshono. Ni dakika mbili tu.

— Badilisha. Hatuwezi kumzika rafiki yetu na aibu ya fundi mwingine.

Sote tukaafiki, jambo ambalo si kawaida ya benchi lile. Pikseli alikuwa amekwisha geuka, binti akatokea na kitenge chake cheusi mabegani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu. Pole sana.

Alichukua karatasi, akapitisha kidole juu ya mistari, taratibu.

— Alishona mwenyewe, akasema. — Uzi uko mezani kwake. Sindano nimeikuta imechomekwa humo humo.

Akamgeukia Fundi.

— Baba, hiyo cherehani ni yako?

— Yangu, mwanangu.

— Na baba yangu alikuwa anakaa hapa?

— Hapo hapo. Kila siku ya Mungu, bega kwa bega.

— Basi kwa nini alishona mwenyewe?

Wakili akaangalia viatu vyake. Dereva akaangalia viatu vya Wakili. Fundi akavua miwani, akaivaa tena.

— Angeniambia tu, mwanangu. Haki ya Mungu, ningemshonea siku hiyo hiyo.

— Najua, baba. Ndiyo maana nauliza.

Shati lile nililiona mwaka nenda mwaka rudi. Mshono niliuona siku ile tu, kwa sababu mashine ilinionyesha mara hamsini na mbili. Niliona haya, nikatamani niondoke pale.

— Mimi nilikuwa mbali, akasema binti. — Sababu yangu naijua.

Hakusema kwa ugomvi. Ingekuwa afadhali angegomba.

— Dada, akasema Pikseli kwa upole, — saa sita inakaribia. Nibadilishe?

— Uache. Huo ndio mkono wake.

Pikseli akaingia ndani, binti akamfuata. Haukupita muda tukasikia mashine inaanza kuvuta karatasi. Kahawa ilikuwa bado ipo lakini hakuna aliyemimina. Fundi akanigeukia mimi, akanitazama ubavuni.

— Na hilo shati lako limechanika kwapani tangu lini?

— Siku nyingi, nikasema.

Akanyoosha mkono.

— Vua.