Ndungu wa Vitabu vya Katuni

Tumekuja hapa Moiben kumzika Ezekiel Ndungu Kiarie. Wasifu huu nimeuandika mimi Kabiru, ndugu wa mama yake, mwenye elimu ya darasa la sita na akili za ziada. Kwenye mkutano wa matanga kule Huruma, Mzee Kibet wa kanisa alisema mbele ya watu, "Hatutamwombea kaburini mtu aliyekana Mungu. Someni wasifu, tusikie kama aliamini, ndipo nitafungua Biblia." Sawa, Mzee. Sikiliza basi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1955 huko Murang'a, mtoto wa kwanza wa hayati Kiarie na Mama Waceke. Mwaka 1964 familia ilihamia hapa kulima mahindi, na mwaka huo huo akabatizwa. Mimi nilikuwepo, nikiwa nimevaa suti ambayo hadi leo haijapata mwenzake katika wilaya hii.

Alisoma shule ya msingi hapa Moiben, akaenda sekondari, halafu chuo cha ualimu. Alikuwa na kichwa chepesi, na hicho alikitoa upande wetu, si kwa akina Kiarie. Mwaka 1977 alianza kufundisha historia katika sekondari moja upande wa Cheptiret.

Sasa vitabu. Mwaka 1982 mzungu wa kujitolea aliyefundisha naye alirudi kwao, akamwachia katoni ya vitabu vya kumfunza mtu falsafa kwa katuni. Nimevifungua mimi mwenyewe. Ni wazee wa ndevu na wazee wa upara, wamechorwa vichwa kama maboga, maneno yakiwatoka mdomoni kwa mapovu. Ukurasa huu mzee anauliza kama meza iko kweli. Ukurasa unaofuata mwingine anamcheka. Kimoja kinasema hakuna ukweli mmoja, kila mtu ana wake, na hadithi kubwa zote zimekwisha. Kitabu kizima, na hakuna mahali kinakwambia ufanye nini kesho asubuhi. Mtu mzima anafunzwa kwa picha kama mtoto wa nasari, kisha anatoka hapo akiwasahihisha waliomzidi umri. Huo ni uvivu uliochapishwa vizuri.

Na vilimharibia. Sikukuu ya Madaraka ya 1983 alialikwa kwenye baraza la chifu aeleze historia ya taifa. Akasimama, akasema hadithi kubwa zimekwisha.

Chifu akamwuliza, "Mwalimu, ni gani hiyo imekwisha? Ya chama?"

"Chifu, hata ya chama ni hadithi."

Watu wote waliangalia viatu vyao. Alilala seli, na kabla ya mwezi kwisha hakuwa na kazi. Aliyeenda kumtoa ni mimi, na kilichomtoa ni huu mdomo wangu, si wale wazee wa mapovu. Ndipo akafungua duka la madaftari na mafuta ya taa hapo Huruma.

Mwaka 1984 tulienda kumposa Warigia. Kwa desturi yetu, wasichana waliletwa wamefunikwa leso kutoka kichwani, naye Ndungu amtambue wake. Bwana harusi anayejua mambo huangalia miguu. Huyu akasimama pale akasema, "Wazee, mtu hawezi kumjua mwingine kabisa." Nilimkanyaga. Chini ya leso moja sauti ikasema, "Ndungu, ni mimi. Chagua, nimechoka kusimama." Wazee walitutoza mbuzi kwa upumbavu huo. Siku hiyo nilijua nyumba hiyo itakuwa na mwalimu, na si yeye. Walifunga ndoa kanisani Desemba, nawe, Mzee Kibet, ulikula keki yao.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 1989. Nikienda kumwona hospitalini namkuta na kitabu kifuani. "Mjomba, huyu hapa anasema maumivu ni vile mtu anavyoyatafsiri." Nikamwambia, "Basi mwite huyo wa katuni adungwe hizo sindano kwa niaba yako." Alicheka mpaka nesi akaja kututuliza.

Jumatano tarehe 15 Agosti mwaka huu hakuwa na nguvu za kubishana. Nilikitoa kile kitabu, nikakisukuma chini ya kitanda, nikaanza kuomba. Katikati ya maombi akafungua macho. "Mjomba, anasikia?"

"Anasikia."

"Basi mwambie asimwache Warigia."

Nikamwambia. Ndungu akasema amina. Alituacha Ijumaa tarehe 17 Agosti 1990, alfajiri.

Mzee Kibet, hilo ndilo ninalolijua. Sitakudanganya kwamba alivitupa vile vitabu. Alikufa navyo, nami nitavichukia mpaka mnilaze kando yake. Lakini Ndungu hangenituma nipeleke ujumbe mahali anapojua hakuna mtu.

Amemwacha mama yake, Mama Waceke. Mjane wake, Warigia. Watoto wake, Kiarie na Waceke. Na mimi, ambaye sasa sina wa kubishana naye. Katoni iko kwa Warigia. Nilitaka kuichoma, akanikataza, na mwenye mwanamke kama huyo hahitaji falsafa.

Fungua Biblia, Mzee. Ndungu wetu apumzike sasa, na mtu asimwulize swali lingine.