Siku Nilipotiwa Matone Machoni

Tumsifu Yesu Kristo. Ahsanteni kwa kunisimamisha hapa mbele.

Wengi mnanijua mimi mkulima wa Mpepai. Kwamba nina ugonjwa wa sukari, mlijua wachache. Ulinianza kwa kiu. Nilikunywa maji kama ng'ombe. Huko hospitali ya misheni walichemsha mkojo wangu pamoja na dawa ya bluu, ukageuka rangi ya tofali. Nikapewa vidonge, nikaambiwa, "Mama, kila mwaka uje tukutazame macho, hata kama unaona vizuri."

Sikwenda. Nilikuwa nimemwona jirani akirudi kutoka huko huko, ameshikwa mkono, kajifunika kanga usoni, jua halitaki. Nikasema moyoni, wale wanapofusha watu.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa tukawa tunachuma kahawa ya shamba la kijiji. Siku moja kikapu changu kilimwagwa mbele za watu. Nusu nzima mbichi! "Anaharibu makusudi," akasema kiongozi mmoja. "Huyu ni kupe. Anakula jasho la wenzake."

Ndugu zangu, nawaambia, neno lile lilinichoma. Maana niliitazama kahawa ile pale chini nisione mbichi wala mbivu. Machoni mwangu mlielea kitu kama utando mweusi wa buibui, na nilikuwa sijamwambia mtu.

Aliyegundua ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Tulikuwa tunapeta maharage, akaninyooshea kata ya maji, nami nikashika hewa. Akaweka ungo chini.

"Wifi, tangu lini?"

Nikaanza kulia.

"Kesho tunakwenda."

"Watanipofusha."

"Na ukikaa hapa je?"

Tukaenda kwa miguu. Kwanza nilisimamishwa mbele ya karatasi ukutani, ina alama kama uma wa meno matatu, nyingine zinatazama juu, nyingine pembeni. Unaonyesha kwa vidole tu. Hata asiyejua kusoma anaweza. Kwa jicho la kulia nilijitahidi. Kwa la kushoto sikuiona hata karatasi yenyewe.

Kisha muuguzi akanitia matone. Yaliwasha kidogo. Tukakaa kwenye benchi kusubiri, na taratibu vidole vyangu vikaingia kwenye ukungu. Mlango uliokuwa wazi ukawaka mweupe kama moto. Nikaruka, napapasa ukuta.

"Nilikwambia! Wameshanipofusha!"

Wifi akanikamata kiuno. Muuguzi akaja mbio. "Mama, matone yanafungua mboni, daktari apate kuona ndani. Yataisha yenyewe, jioni au kesho." Nilikaa kwa sababu wifi hakuniachia. Kuamini, sikuamini.

Katika chumba cha giza daktari alinisogelea hadi nikasikia pumzi yake, akanimulika kwa kijitaa. Hakiumi, mama zangu. Kilichoniuma ni maneno yake.

"La kushoto limevuja damu ndani," akasema. "Sina dawa ya kulirudisha. La kulia limeanza kuguswa, lakini bado linaona. Ukishika dawa na chakula, na tukilitazama kila mwaka, tunaweza kulilinda. Ungekuja mapema..."

Nilirudi nyumbani nimefunikwa kanga, nimeshikwa mkono. Usiku kucha niliomba. Asubuhi nikafumbua macho, nikaona moshi ukipenya kwenye nyasi za paa. Kwa jicho moja, lakini niliuona.

Namshukuru Mungu. Namshukuru wifi, na muuguzi yule. Hata yule kiongozi namshukuru: aliposikia alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mama, nilikukosea," na nikapewa kazi ya kuanika.

Ninyi wenye sukari, msingoje utando kama mimi. Jicho linaharibika huku linaona. Jumatatu lori la ushirika linapeleka kahawa, na dereva amekubali kutushusha hospitalini. Nimeomba nafasi tatu. Moja ni yangu. Moja ni ya mama mmoja aliye humu ndani, anayesema macho yake hayana shida; jina silitaji, anajijua. Ya tatu ni ya wifi, maana wakati wa kurudi atatushika mkono sote wawili.